Waya Mweusi wa Ndege ya Mzee Gidudu

Jumatatu, 14 Machi 1988. Bugembe

Leo nimeletewa kazi ya ndege. Naiandika hapa ili kesho nikisoma nijue sikuota.

Mzee aliingia dukani saa tatu asubuhi, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, akaniuliza kwa Kiingereza kama fundi yupo. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akachungulia nyuma yangu kana kwamba kuna mwanamume amejificha kwenye rundo la dainamo. Nikamwacha achungulie mpaka akachoka mwenyewe.

Anaitwa Gidudu, Mgisu wa Mbale, mstaafu wa mitambo ya bwawa hapa Jinja. Urubani alijifunza ujanani. Miaka sita yote hii ya vita na baada ya vita amekuwa katika banda moja karibu na kiwanja cha ndege, anajenga ndege ya mbao yenye viti viwili na injini ya gari la Folksi. Banda lilipigwa risasi, akaziba matundu, akaendelea. Nilikwenda nikijua nakutana na mwendawazimu. Kumbe ni mkaidi tu, maana kazi yake ni safi kuliko ya mafundi wote wa mji huu, nami nikiwemo.

Shida yake ni chaji. Injini inakula umeme wa betri, na betri yenyewe ni ndogo ya pikipiki kwa sababu ya uzito. Dainamo isipoijaza, betri inakufa, na ikifa injini inazimika huko huko juu. Luteni Mugweri, mkuu wa askari wa kiwanjani, amempa kibali cha saa kumi za majaribio. Zisipotimia kabla ya tarehe 31 Mei, ndege inachukuliwa. Waasi bado wako upande wa Teso na jeshi halitaki raia awe na ndege isiyoeleweka.

Nilikuta kaboni za dainamo zimekwisha, nikaweka mpya. Halafu nikapanga waya zake, maana zilikuwa kama utumbo wa mbuzi. Mmoja haukuwa na kazi kabisa: mweusi, mnene, unatoka chini ya katauti kwenda kwenye injini. Katauti ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa dainamo na kuupeleka kwenye betri. Kwenye gari unakikaza kwa skrubu kwenye bodi, basi, hakidai waya mwingine. Nikautoa. Mzee alikuwa amekwenda kutafuta petroli. Ni shaba nzuri, zaidi ya mita mbili, nami nimeutia klipu za meno pande zote. Sasa ndio waya wangu wa kupimia, ule wa zamani ulishachakaa.

Injini ilipowashwa mshale wa chaji ulipanda. Mzee akasema, "Vizuri." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili. Kisha akasema Kiswahili changu ni cha kambini. Nikamjibu ni kweli, ndiko nilikozaliwa. Hakucheka.

Jumatano, 16 Machi

Ameruka dakika ishirini, amerudi amekunja uso. Chini mshale ulikuwa juu ya sifuri. Hewani ukaanguka upande wa kutoa, yaani betri inamwaga umeme bila kujazwa. Betri nimekuja nayo dukani kuichaji.

17 Machi

Mvua kutwa nzima.

Jumatatu, 21 Machi

Nimebadilisha mkanda. Tulifunga mkia wa ndege kwenye nguzo kwa kamba, mzee akaketi ndani akaipa injini moto wote. Mimi nikafanya kama Baba alivyonifundisha: kabla ya kupima chochote, funga kwanza waya wako mwenyewe kutoka kwenye injini hadi kwenye kisanduku, usije ukadanganywa na kutu. Nikafunga, nikapima. Chaji safi kabisa. Nikakusanya vitu vyangu nikaenda zangu.

Alhamisi, 24 Machi

Ameruka. Umeanguka tena. Sina la kuandika.

Jumatano, 6 Aprili

Nimepata katauti nyingine kwenye gari bovu kule Masese. Nimeisafisha, nimeifunga. Chini safi. Hewani ovyo.

Leo tumegombana. Alishuka, akavua miwani yake, akaifuta taratibu, kisha akaniuliza, "Wewe nafunga vizuri, mimi naona na macho yangu. Nikiruka inafunguka. Nani anaifungua?"

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema yeye anauliza tu. Nikamwambia pengine mbao zake zinasinyaa, na akili zake pia. 

Ninajua alichokuwa anauliza. Kibao cha duka langu kinasema MASTULA, DAINAMO NA STATA, jina la baba halipo. Baba alikuwa Marjan, Mnubi, sajenti, fundi umeme wa jeshi la anga wakati wa utawala wa kijeshi. Hakumgusa mtu, aligusa waya tu. Lakini mwaka 79, utawala ule ulipoanguka, waliokuja nyumbani hawakuuliza hayo, tukakimbilia Sudan, akafia huko. Tangu turudi, jina lake linabaki ndani ya mlango. Nikifungua mdomo tu, Kiswahili changu cha kambini kinanitangulia, watu wanaanza kuhesabu nilikuwa wapi mwaka gani.

Jumatatu, 18 Aprili

Ramadhani imeingia. Nimeleta dainamo dukani niisuke koili upya. Kiu, na harufu ya vanishi.

Ijumaa, 22 Aprili

Koili tayari. Siku nne nimekaa juu yake. Ni kazi ambayo Baba angeigeuza mkononi asiseme kitu, na kwake kutosema kitu ndiyo ilikuwa sifa.

Alhamisi, 28 Aprili

Nimefunga dainamo. Mkia kwenye nguzo, moto wote, waya wangu mahali pake, nusu saa nzima. Mshale haukutikisika. Mzee alishuka, akanipa mkono kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Amefikisha saa tatu tu na mwezi unakwisha, kwa sababu kila mara analazimika kurudi haraka. Akaniuliza, akinitazama usoni, kama anaweza kwenda Mbale kesho, saa moja kwenda, saa moja kurudi. Mke wake, Mama Nanyama, anakaa Nkoma, huko huko Mbale, na hajawahi kuiona ndege ikiwa hewani. Nikamwambia nenda mzee, safari hii nimeimaliza.

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 29 Aprili

Ameondoka saa nne. Mawingu mazito upande wa Tororo. Hakuna habari.

Jumamosi, 30 Aprili

Barasa, yule dereva wa lori wa Kenya ambaye stata zake zote namtengenezea mimi, amesimama mlangoni kwangu bila hata kuzima gari. Ndege ndogo imeanguka Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Rubani mzee, mzima. Askari wamemchukua.

Mzima. Nimelia mbele ya Barasa, na sikuona haya.

Jumatatu, 2 Mei. Nkoma, Mbale

Nimekuja na lori la Barasa. Nilichukua betri iliyojaa, mita yangu, na ule waya wenye klipu.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakafungua mfuko wangu. Mmoja akauinua waya kwa vidole viwili. Akasema huu ni wa kulipulia bomu. Nikamweleza kazi yake, akasema wenye mabomu wote wana maelezo. Akauchukua, akatoa karatasi, akauliza jina langu. Mastula. Jina la baba? Nikasikia mdomo wangu unasema Magidu, ambalo ni jina la babu yangu mzaa mama. Marjan halikutoka. Barasa aliendelea kutazama mbele mpaka tukafika mjini.

Mama Nanyama ni mwanamke mkubwa mwenye mikono ya kulima. Nilimsalimu kwa Kiswahili akaniitikia kwa Kiganda, nikahamia Kiganda. Mambo yalivyo, kama mumewe alivyomweleza kambini, ni haya. Mzee alipofika karibu na Tororo mshale ulianguka. Akaona Mbale ni karibu kuliko Jinja, akaendelea, lakini mvua ilimzungusha, betri ikafa, injini ikazima, akaishusha kwenye shamba la karanga. Jeshi linasema hakuna ndege inayozima yenyewe mahali pazuri hivyo. Wanasema alishuka kukutana na waasi. Wanamuuliza kwa nini mashine iliyokuwa nzima Jinja iharibike Nakaloke.

Jibu ni langu kulitafuta.

Jua lilipozama Mama Nanyama aliniwekea uji mbele yangu bila kuniuliza kama nimefunga. Akakaa. Akaniambia nyumba hii haisemi Kiswahili tangu mwaka 77. Mtu aliyekuja kumchukua kaka yake alibisha hodi vizuri, akasalimu vizuri, akamwita shemeji. Alikuwa na Kiswahili kizuri kama changu. Aliyasema bila kunichukia, kama mtu anayekuonyesha mahali paka alipokojoa ili usikae hapo. Nilikunywa uji wangu. Sikumwambia baba yangu alikuwa nani.

Jumanne, 3 Mei

Naandika yote kwa mpangilio, maana kuna watu wataniuliza.

Tulikwenda Nakaloke mimi na Mama Nanyama. Ndege imesimama katikati ya karanga, gurudumu moja limepasuka, vingine vyote vizima. Askari mmoja analinda. Nikamwomba ashike mkia, akakubali, nadhani kwa uchovu wa kukaa bure. Nikafunga betri iliyojaa. Mama Nanyama nikamkalisha kwenye kiti cha mumewe, nikamwonyesha mshale, nikamwambia aniite ukipanda na ukishuka. Nikazungusha panga la mbele ya ndege kwa mkono, injini ikakubali.

Taratibu, mshale ulikuwa juu. Nikavuta mafuta kidogo, bado juu. Nikaipa moto, injini ikajivuta mbele kwenye mipira inayoishikilia, na Mama Nanyama akapiga kelele kwa Kiswahili, "Chini! Imeenda chini!"

Nilibaki nimesimama kwenye upepo wa panga. Tangu Machi nimeitia moto wote mara tano, sita, na kamwe sikuwahi kuuona ukishuka mbele yangu. Kuna nini leo? Dainamo ni ile ile. Mkanda ni ule ule. Nikanyoosha mkono kwenye mfuko kuchukua waya wangu nifunge kama kawaida, na waya haukuwepo, uko kizuizini. Hapo ndipo nilipoitazama katauti.

Nikaenda kwenye ua wa shamba, nikakata kipande cha seng'enge. Nikagusa upande mmoja kwenye injini na mwingine chini ya katauti.

"Juu," akasema Mama Nanyama.

Nikaondoa. "Chini."

Nikagusa. "Juu."

Nikafanya hivyo labda mara kumi. Nilitaka mara moja tu iniambie uongo.

Gari ni chuma kizima. Ukikaza kitu kwenye bodi, bodi yenyewe ndiyo waya wake wa pili, umeme unarudi kupitia hapo. Ndege hii ni mbao. Katauti imefungwa kwenye kipande cha bati, na bati limepigiliwa kwenye mbao, na kwenye mbao umeme hauna njia ya kurudi. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana aliweka waya mweusi. Nilipoutoa, ilibaki kebo ya chuma ya kuongezea mafuta ikiligusa bati kwa bahati: injini ikienda polepole inagusa, ikijivuta inaachia. Na kila nilipokuja kupima nilifunga waya wangu mahali pale pale pa ule niliouchukua. Waya ule ule! Nilikuwa nairudishia ndege kiungo chake kwa nusu saa, naona imepona, kisha nakikunja nakwenda nacho nyumbani.

Aliniuliza nani anaifungua. Nikamtukana.

Mama Nanyama alishuka akaniuliza, kwa Kiganda sasa, kama nimeona. Nikasema nimeona.

Sikumwambia zaidi. Sasa ni saa kumi jioni, niko nyuma ya nyumba yake na daftari hili, na nitaandika ukweli angalau hapa. Naweza kufunga waya mpya kesho na kusema katauti ilikuwa mbovu. Hakuna wa kujua. Lakini katauti ilibadilishwa Aprili na imeandikwa kwenye kitabu cha ndege, hawataamini, na mzee atabaki ndani. Nikisema kweli, sikiliza inavyosikika: Mnubi, binti wa sajenti wa jeshi la anga la wakati ule, alikata waya wa ndege, ndege ikaanguka karibu na waasi, na yeye akakutwa kizuizini na waya wenye klipu na jina la uongo. Mimi mwenyewe ningekuwa askari ningemfunga huyo mwanamke.

Naogopa. Sitaki kufungwa. Sitaki kukimbia tena, nimeshakimbia nchi nzima nikiwa msichana.

Jumatano, 4 Mei

Luteni Mugweri amekuja kutoka Jinja, kibali kina sahihi yake. Alinipokea kambini, kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mezani kulikuwa na kitabu cha ndege. Kando yake, umekunjwa vizuri, waya wangu.

Nilianza kabla hajaniuliza, maana nilijua nikingoja sitasema. Nikaeleza kaboni, waya mweusi, bodi ya gari, mbao, kipimo changu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikata hii waya?"

"Mimi, afande."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni mazoea ya magari. Nilidhani hauna kazi."

Akasukuma kitabu kwangu na kalamu. Andika, akasema, weka na jina. Nikaandika kosa lote, mistari sita. Mkono ulifika mahali pa jina ukasimama. Kisha nikaandika Mastula binti Marjan, herufi kubwa, kama Baba alivyokuwa anaandika kwenye vitabu vyao.

Luteni akasoma. Akatoa ile karatasi ya kizuizini akaiweka sambamba. "Hapa ni Magidu. Huyu Marjan ni nani?"

"Baba yangu. Alikuwa sajenti, fundi umeme wa jeshi la anga. Kizuizini nilidanganya, afande. Niliogopa."

"Sasa huogopi?"

"Naogopa."

Akaagiza mzee aletwe. Alikuja amekonda, shati bado limefungwa mpaka shingoni. Luteni akaniambia nirudie yote mbele yake, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Nilirudia nikitazama mikono yake. Aliuchukua waya mezani, akaupima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, mara tano.

"Hii ni yangu," akamwambia luteni. "Mimi nilikata mwenyewe, mwaka 84." Kisha akanigeukia. "Ulitoa bila kuniuliza."

"Ndiyo, mzee."

Akaurudisha waya mezani. Akasema alikuwa akinitazama tangu Machi, kila siku, anangoja aone ninaharibu nini. Alitazama uso wangu, alisikiliza maneno yangu, lakini hata siku moja hakuinama kutazama kazi yake mwenyewe kama iko alivyoiacha. Angeinama angeona mara moja. Alisema hayo kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba.

Luteni alitutazama kwa zamu. Nilidhani ataita askari. Akaniuliza kama nina hakika sasa. Nikasema nina hakika. Akanirushia waya kifuani.

"Basi funga. Ikitoka Nakaloke kwenda Jinja, wewe utakaa ndani yake. Kama ni uongo, mtaanguka wote wawili."

Mama Nanyama alikuwa nje ya geti. Mumewe alipotoka nyuma yangu alimshika mkono, wakasimama hivyo hivyo. Nami nikamwambia papo hapo, kwa Kiganda, nilichofanya na baba yangu alikuwa nani, kabla hajaambiwa na mwingine. Aligeuka akaenda na mumewe. Lakini jua lilipozama uji ulikuwa mbele yangu.

Ijumaa, 6 Mei

Gurudumu limezibwa. Vijana wa Nakaloke wameisukuma ndege mpaka kiwanja cha mpira. Nimekata klipu zote mbili, nimeurudisha waya mweusi chini ya katauti, nimekaza nati mbili. Mzee aliinama akatazama kila nati. Nikamwomba atazame tena, akatazama.

Jumamosi, 7 Mei. Bugembe

Nimerudi. Niko nyumbani, naandika kabla ya futari.

Tuliondoka saa tatu. Luteni alisimama kando ya goli, Mama Nanyama kando ya goli la pili, hakuna aliyepunga mkono. Injini ilinguruma, mbao zote zikatetemeka, nikasoma kila dua ninayoijua. Tulipoiacha ardhi sikuona. Nilikuwa natazama mshale.

Mshale ulikuwa juu ya sifuri. Mzee akaipa moto wote, nikashika kiti. Ukabaki juu. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kila injini ilipobadilisha sauti niliinama zaidi, mpaka pua yangu ikawa karibu kukigusa kioo cha geji ya chaji. Mzee aliuliza kitu. Aliuliza tena, kwa kelele, kama nimeona Tororo. Nikatikisa kichwa. Nilihisi nikiondoa macho tu, utaanguka.

Basi akaachia usukani mkono mmoja, akaunyoosha, akaifunika geji yote kwa kiganja chake. Mimi sikuuona mshale, wala yeye.

"Nimeshaisoma, binti Marjan," akasema. "Tazama nje."

Nikatazama nje.